Unalipa Ukirudi

Kitu cha kwanza Malta ilituambia ni marahaba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameamkia.

Ilikuwa imeandikwa pale uwanja wa ndege kwa herufi kubwa: Merħba. Wakili, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, akasimama na sanduku lake katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku. "Hawa nao wanajibu kabla ya kuamkiwa?" Kisha akainamisha kichwa kidogo. "Haya, shikamooni basi."

Tulikuwa wanne. Majina sitataja kwa sababu mmoja ni wakili na nimeshaonywa. Kulikuwa na yeye; kulikuwa na Dereva, ambaye kazi yake ni daktari wa meno lakini moyo wake uko kwenye usukani; kulikuwa na Mhasibu, mweka hazina wa chama chetu, mwanaume anayeweza kukuambia ulikula nini mwaka 2021 na nani alilipa; na kulikuwa na mimi. Mimi nilipewa kazi ya kusoma ramani. Hiyo ilikuwa makosa, lakini haikuwa siri yangu kubwa.

Siri yangu kubwa ni kwamba sikuwa na kazi.

Tulikuwa tumechanga miaka mitatu, elfu tano tano kila mwezi. Tiketi tukanunua Desemba. Januari ofisi yetu ikaita watu kumi na mmoja kwenye chumba cha mikutano, mimi nikiwa wa nne kuingia. Februari nikakopa elfu arobaini kutoka kwa chama, nikasema ni za kurekebisha paa la nyumbani kwa mama. Paa la mama halina shida yoyote. Zilikuwa kodi ya nyumba. Na Mei, kwa sababu tiketi haikuwa ya kurudishiwa pesa na mdomo wangu haukuwa umefunguka, nikapanda ndege.

Mnisikilize vizuri kuhusu Malta. Nchi nzima, visiwa vyote, ni kilomita za mraba 316. Kaunti ya Nairobi peke yake ni 696. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 27 hivi, maana yake ukitoka tao ukielekea Thika, utakuwa umetoka nchini na kuingia baharini kabla hujafika. Sisi tulikuwa tumekodi gari kwa siku tano. Mhasibu alikuwa ametenga pesa za mafuta kama mtu anayeenda Lodwar.

Tulipofika kwenye gari, Dereva alifungua mlango, akaona usukani uko kulia, akakaribia kulia machozi. Malta wanaendesha upande wa kushoto, kama sisi. Mwingereza alitoka kwao tarehe 21 Septemba 1964, miezi tisa baada ya kutoka kwetu, akawaachia vitu vile vile: upande wa kushoto, mizunguko ya barabara, na plagi ya miguu mitatu. Mhasibu alikuwa amenunua adapta nne za Ulaya pale River Road. Zilikaa kwenye begi safari nzima, na kila usiku alizitazama kama watoto waliofeli mtihani.

Siku ya kwanza tulikuwa na mpango rahisi: kuendesha hadi Ċirkewwa, ncha ya kaskazini, tuvuke na feri hadi kisiwa cha pili, Gozo, ambako bandari yake inaitwa Mġarr. Njiani tungesimama Mosta.

Mosta kuna kanisa lenye kuba kubwa ajabu. Tarehe 9 Aprili 1942, wakati wa vita, bomu la Wajerumani lilitoboa lile kuba na kuanguka ndani, katikati ya waumini zaidi ya mia mbili. Halikulipuka. Nakala yake wameiweka pale, na juu kwenye kuba unaonyeshwa lilipopitia. Nilisimama pale nikiangalia juu muda mrefu kuliko wenzangu. Kuna watu huenda kanisani wakaona malaika. Mimi niliona jinsi kitu kinaweza kukuangukia katikati ya maisha yako, kikakaa tu hapo sakafuni, na wewe ukaendelea kuimba kana kwamba hakipo.

"Unalia?" Mhasibu akaniuliza.

"Ni vumbi."

Nje ya kanisa kulikuwa na kibanda cha pastizzi, zile keki za unga wa matabaka zenye jibini au njegere za kusagwa ndani. Kama sambusa, ila hii imeenda chuo. Tukaagiza tisa: mbili mbili, na moja ya ziada kwa Dereva. Mama muuzaji akawa anazihesabu kwa sauti ya chini akizitia kwenye mfuko. Ħamsa. Sitta. Sebgħa. Tmienja. Disgħa.

Kimya. Sote wanne tukamwangalia.

"Mama," Wakili akamwambia kwa Kiingereza, "tafadhali rudia."

Ndivyo mama wa watu alivyojikuta akitufanyia mtihani wa hesabu, wateja wengine wakingoja nyuma yetu. Ishirini? Għoxrin. Thelathini? Tletin. Hamsini? Ħamsin. Mia? Mija. Elfu? Elf. Kimalta ni mtoto wa Kiarabu. Waarabu waliteka kisiwa mwaka 870, Wanorman wakaja 1091, na baadaye Wasisili na Waitaliano wakamwaga maneno yao humo kama tui la nazi. Leo kinaandikwa kwa herufi za Kirumi, na ni lugha pekee ya ukoo wa Kiarabu iliyo kati ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Wenyewe wengi ni Wakatoliki hasa, lakini Mungu wanamwita Alla, Kwaresima ni Randan, na Pasaka ni Għid. Bahari ni baħar. Dunia ni dinja. Mauti ni mewt. Tulikuwa tumetumia miaka mitatu na viza moja ngumu kutoroka nyumbani, halafu nyumbani kukatangulia kufika.

Ni Mhasibu aliyeharibu sherehe. "Na arobaini elfu?" akamuuliza yule mama, huku ananiangalia mimi.

"Erbgħin elf."

"Umesikia?" akaniambia. "Sasa unadaiwa kwa lugha mbili."

Wakacheka. Nikacheka pia, kwa sauti kubwa kuliko wote. Pastizzi yangu ikakataa kushuka.

Tukaingia kwenye gari, nikaandika Mġarr kwenye simu, tukafuata mshale. Baada ya muda mfupi simu ikatangaza tumefika. Hakukuwa na bandari. Hakukuwa na bahari. Kulikuwa na mashamba, paka mmoja, na kanisa lenye kuba linalofanana na yai.

"Feri iko wapi?" Dereva akauliza polepole, kwa sauti ile anayotumia kabla ya kung'oa jino.

Kumbe kuna Mġarr mbili. Moja ni bandari, iko Gozo. Nyingine ni kijiji, iko Malta, na haina maji zaidi ya yale ya kumwagilia nyanya. Na msidhani ni ajali ya mara moja. Kuna Rabat mbili. Kuna Żebbuġ mbili. Nchi ndogo hivi, na bado majina yaliwaishia. Kuhusu matamshi hata sisemi: hiyo x inasomwa sh, na għ mara nyingi haisomwi kabisa, iko tu hapo kama shemeji aliyekuja wikendi akakaa.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya kanisa akatuonea huruma. Alituelekeza Ċirkewwa, kisha akatuambia kwamba lile kanisa lilijengwa kwa michango ya wanakijiji, na sehemu ya pesa ilitokana na kuuza mayai. Kila familia ilitoa ilichokuwa nacho.

"Hiyo ni harambee," Wakili akasema.

"Hicho ni chama," Mhasibu akamsahihisha. "Na naona waliokopa walirudisha."

Tulipofika Ċirkewwa, Mhasibu akashuka na pochi mkononi kutafuta pa kulipia feri. Kijana wa zamu akamwambia aingize gari tu. Kwenda Gozo hulipi. Unalipa ukirudi.

Mhasibu hakuamini. Aliuliza mara tatu. "Na mtu asiporudi?"

Yule kijana akainua mabega. "Kila mtu hurudi."

"Hii ni kama zile programu za mikopo," Mhasibu akanung'unika tulipokuwa tukipanda ngazi za feri. "Kuingia tabasamu, kutoka jasho." Kuvuka ni dakika 25 hivi. Nilizitumia zote kutazama maji.

Gozo ilikuwa tamu, nisiwadanganye. Bandarini kuna mashua za wavuvi zinazoitwa luzzu, zimepakwa manjano, nyekundu na samawati, na kila moja ina macho mawili kwenye omo ili ione njia. Wakili akazipiga picha akamtumia mjomba wake Lamu, kwa sababu majahazi ya kwao nayo huwekwa macho. Mjomba akajibu kwa sauti: "Hao walitoka huku." Hakuna wa kumbishia.

Huko Xagħra tuliona Ġgantija, hekalu la mawe lililojengwa karibu miaka 3600 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Misri. Hadithi ya wenyeji ni kwamba lilijengwa na jitu la kike, lililokuwa likila maharage na asali, likibeba mawe huku limebeba mtoto. Dereva akasoma ule ubao hadi mwisho. "Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, anabeba mawe, na hakuna anayemsaidia," akasema. "Hiyo si hadithi. Huyo ni mamangu."

Kisha tukaenda Dwejra, ambako Wakili alikuwa na miadi. Tangu chuo alikuwa na picha moja kwenye simu: tao kubwa la mwamba likiwa limesimama baharini, wanaliita Azure Window. Ilikuwa sababu yake ya kuchagua Malta. Alikuwa amenunua gauni jeupe kwa ajili ya picha hiyo. Akalivaa garini. Akashuka. Akatazama bahari.

"Liko wapi?"

Liliporomoka tarehe 8 Machi 2017, wakati wa dhoruba. Miaka mitatu tulikuwa tukichangia dirisha ambalo halipo, na hakuna aliyeangalia. Tulicheka hadi tukakaa chini kwenye mawe. Wakili akapigwa picha hivyo hivyo, mikono wazi, nyuma yake hewa tupu. Ndiyo picha nzuri kuliko zote.

Lakini asubuhi. Asubuhi ndizo zilikuwa zinaniua. Kila siku, saa tatu, nilikuwa nikiingia chumbani na laptopu, nafunga mlango, nasema nina mkutano na bosi. Nilikuwa nikisema "sawa, nitaituma" kwa mtu ambaye hayupo. Wakili alikuwa akibisha mlango taratibu, ananiletea chai, anaiweka mezani bila kusema neno ili asinikatize.

Siku ya kurudi, pale bandari ya Mġarr, ile ya kweli, ilikuwa zamu yangu kulipia. Nikatoa kadi. Mashine ikafikiria. Ikakataa. Nikaijaribu tena, foleni nyuma yangu ikianza kukohoa. Ikakataa. Mhasibu akanyoosha mkono juu ya bega langu, akagusisha kadi yake, akachukua tiketi nne. Hakusema kitu. Mhasibu! Hakusema kitu.

Juu ya sitaha nikawaita wote. Nikawaambia. Kazi, Januari, kodi, paa la mama. Niliongea nikiangalia kisiwa cha Comino kikipita, kwa sababu nyuso zao sikuweza.

"Tunajua," Dereva akasema.

"Tangu Machi," Mhasibu akaongeza. "Nilikutumia ratiba ya safari kwa barua pepe ya kazini. Ikarudi. Anwani haipo."

Nikamgeukia Wakili. "Na chai?"

"Siku ya kwanza nilipoingia, hiyo laptopu ilikuwa imezimwa," akasema. "Ulikuwa unaongea na kioo cheusi. Nikaona, mtu anayefanya kazi ngumu hivyo anahitaji chai."

"Mbona hamkusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Upepo ulikuwa mkali. Hakuna aliyenikumbatia, sisi si watu wa namna hiyo. Dereva alinipa kipande cha pastizzi iliyopoa. Nikaila, na mara hii ikashuka.

"Na ile elfu arobaini," nikaanza.

"Iko pale pale," Mhasibu akasema. "Usidhani kulia kunapunguza." Akatoa simu, akafungua lile jedwali lake. Elfu mbili na mia tano kwa mwezi, miezi kumi na sita, bila riba, kuanzia Juni. Pale kwenye safu ya sababu ya mkopo palikuwa pameandikwa "paa". Akafuta. Akaandika "kodi". Akahifadhi.

Sasa ni mwisho wa Desemba. Bado sina kazi ya ofisini. Nahariri vitabu vya watu usiku na mchana nalala nikiwa na aibu kidogo kuliko zamani. Kila tarehe tano namtumia Mhasibu pesa yake kwa M-Pesa, naye hajawahi kusema asante. Hunijibu kwa neno moja tu, la Kimalta. Mwezi huu ameandika: sebgħa.

Zimebaki disgħa.