Kabla Hujataja Jina, Uliza Njia

Oudenaarde, Ubelgiji
Januari 2026

Baba Mdogo,

Naamini mvua za msimu huu hazijabomoa banda lako pale sokoni Shinyanga. Sisi huku tu wazima. Jua ndilo hatulioni: linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na ikifika saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Naenda kazini gizani, narudi gizani, na taa za baiskeli yangu sizizimi.

Wiki iliyopita ulinipigia ukaniuliza mwaka huu nani atachukua mbio za baiskeli. Nilikuwa kazini, nimemshika mzee mmoja mkono nikimtoa bafuni, ndiyo maana nilikujibu kwa mkato, "Pogačar," nikakata simu. Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Nakumbuka nikiwa mdogo, nimekaa kwenye bomba la baiskeli yako, enzi unabeba abiria kabla vijana hawajahamia kwenye bodaboda. Abiria akikuambia, "Nipeleke Ngokolo, bei gani?" hukumtajia bei. Ulimuuliza kwanza anataka kupita wapi. Lami ina bei yake, mchanga una bei yake, na mvua ikiwa imenyesha kuna njia hukuzigusa kabisa. Mimi nimekutajia jina bila kuuliza njia. Naomba nikujibu upya.

Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna kopo la biskuti. Kila Januari wazee wanagawiwa karatasi zenye mbio kubwa za mwaka. Kila mmoja anaandika majina ya wale anaodhani watashinda, anaikunja, anaitumbukiza humo. Kopo linafungwa siku moja kabla ya Omloop Het Nieuwsblad, mbio ya Jumamosi ya mwisho ya Februari inayofungua msimu hapa Flanders, na halifunguliwi mpaka bingwa wa dunia apatikane Septemba. Nina miaka sita kazini hapo, na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza kupewa karatasi. Aliyenipa ni mzee wa miaka tisini na ushei ambaye ujanani alimwona Eddy Merckx akipita mbele ya mlango wa nyumba yake. Hakusema neno. Alinipa karatasi na kalamu yake. Nimeibeba mfukoni siku nne sasa.

Jumapili nikaamua kwenda kuiuliza njia yenyewe. Oude Kwaremont iko mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, na mbio ya Flanders, ambayo tangu 2012 inaishia mjini kwetu hapa, huupanda mlima huo mara tatu. Ni kilomita 2.2. Chini kuna lami, halafu mawe yanaanza. Usiyafikirie kama yale ya kupambia bustani, Baba Mdogo. Kila jiwe lina mgongo wake, katikati ya jiwe na jiwe kuna matope, na Januari yote yamevaa utando wa kijani unaoteleza. Ukisimama kwenye pedeli, tairi la nyuma linazunguka bure. Ukikaa, mikono inatikisika mpaka meno yanagongana. Nilifika kijijini juu sina pumzi. Nikashuka, nikabonyeza tairi kwa dole gumba kama ulivyonifundisha. Lilikuwa gumu mno. Nikatoa upepo kidogo, nikabonyeza tena, nikarudi chini, nikapanda upya. Mawe ni yaleyale, lakini safari hii baiskeli ilikuwa inakaa barabarani badala ya kurukaruka. Ndivyo wanavyofanya wakubwa siku hizi: kwenye mawe wanatumia tairi pana, milimita 32 na hata zaidi, lenye upepo kidogo. Zamani walijaza tairi nyembamba mpaka likawa gumu kama ubao. Dole gumba lako lilikuwa mbele yao miaka mingi.

Nilipokuwa napanda ile mara ya pili ndipo nilipoelewa kwa nini Flanders ni ya Tadej Pogačar. Mathieu van der Poel wa Uholanzi ameishinda mara tatu, 2020, 2022 na 2024, na hakuna binadamu aliyewahi kuishinda mara nne. Kwenye kilima kifupi kama Paterberg, mita 360 tu ingawa mwinuko unafika asilimia 20, mtu mwenye misuli yake anapita kwa mshindo mmoja na kumaliza. Lakini Kwaremont haimalizwi kwa mshindo mmoja. Ni ndefu, na kila mita mia inamdai mtu uzito wake, naye Pogačar ni mwepesi kumzidi Van der Poel kwa kilo kadhaa. Mwaka 2023 na tena 2025 alimwacha palepale, mzunguko wa mwisho, kilomita zisizofika ishirini kabla ya kumaliza. Nimeandika Pogačar kwenye mstari wa Flanders na mkono haukutetemeka.

Wiki moja baadaye ni Paris–Roubaix, na hapo mambo yanageuka. Ni zaidi ya kilomita 250, kati ya hizo zaidi ya 50 ni za mawe mabaya kuliko haya yetu, na hakuna mlima hata mmoja. Pale uzito haumdai mtu kitu. Unamsaidia kutulia juu ya mawe. Anayetakiwa ni mtu mzito kidogo, mwenye mikono laini kwenye usukani, aliyekulia kwenye matope. Van der Poel amekuwa bingwa wa dunia wa mbio za matopeni mara nyingi, na Roubaix ameichukua 2023, 2024 na 2025 bila kupumzika. Pogačar alikwenda kwa mara ya kwanza mwaka jana, akaingia kona vibaya akiwa naye mbele, akaanguka, akamaliza wa pili. Wa pili mara ya kwanza kuishindania! Najua atarudi na najua anaitaka kwa roho yake yote. Hata hivyo nimeandika Van der Poel. Akishinda atakuwa na nne, sawa na Roger De Vlaeminck na Tom Boonen, na hawa wote wawili ni Wabelgiji, kwa hiyo wazee wangu wengi wanamwombea ashindwe.

Milano–Sanremo nayo, mwezi Machi, Pogačar hajawahi kuishinda. Amejaribu kila namna. Mwaka jana alichomoka mapema kwenye mlima wa Cipressa, akabaki na watu wawili tu, Van der Poel na Filippo Ganna, na bado wakampita mwishoni wote wawili. Sababu ni mlima wa mwisho, Poggio. Ni kilomita 3.7 zenye mwinuko wa wastani usiofika asilimia 4, na mlima mpole humfaa anayefuata. Ukijibanza nyuma ya gurudumu la mwenzako, yeye anakata upepo, wewe unapumzika. Wewe unalijua hili kuliko kocha yeyote: ukiwa na gunia la mpunga nyuma ulikuwa unatafuta lori la kujibanza nyuma yake. Kwa hiyo Van der Poel tena.

Kwenye mbio ya Liège sikupoteza muda, nimeandika Pogačar; vilima vya Ardennes ni virefu, havifichi mtu. Giro ya Italia, mwezi Mei, nimempa Jonas Vingegaard wa Denmark. Pogačar hayumo, na Vingegaard akiichukua atakuwa ameshinda mbio kuu zote tatu, Giro, Tour na Vuelta, kwani Tour anazo mbili na Vuelta aliichukua mwaka jana.

Tour de France ndiyo imenikalisha mpaka usiku. Inaanzia Barcelona tarehe 4 Julai na kumalizikia Paris tarehe 26. Waandaaji wamefanya jambo zito: hatua ya 19 na ya 20, siku mbili mfululizo, zote zinaishia juu ya Alpe d'Huez, na siku ya kwanza ni karibu kilomita 14 za kupanda kwenye kona 21. Mtu atafika pale akiwa na milima ya wiki mbili na nusu miguuni. Vingegaard alimshinda Pogačar mwaka 2022 na 2023 kwa milima ya namna hiyo, mirefu, ya juu sana, joto likiwa kali. Tangu hapo Pogačar amejirekebisha, akashinda 2024 na 2025, na sasa ana Tour nne. Akipata ya tano atakaa safu moja na Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain. Wasiwasi wangu kwake hauko miguuni, uko kichwani. Mwaka jana wiki ya tatu uso wake ulikuwa umechoka, na mtu aliyeshinda karibu kila kitu huamka siku moja akajiuliza anakimbilia nini. Nimemwandika yeye, lakini Alpe d'Huez ya siku ya pili ndiyo nitakayoitazama nimesimama. Yule mzee wa Merckx naye kamwandika Pogačar. Nilimuuliza kama haimuumi kuona mtu anamfikia Merckx. Akanijibu kwamba amesubiri miaka hamsini kumwona mwingine.

Ubingwa wa dunia safari hii uko Montréal. Ulimwona Pogačar mwenyewe Septemba kwenye simu ya kijana wa jirani, mbio ilipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, hapo Kigali. Uliniambia ulipiga kelele waliposhika mawe ya Kimihurura. Waliomaliza siku ile ni 30 tu, naye alikuwa amekwenda peke yake kilomita 66. Mzunguko wa Montréal ameshaushinda mara mbili, kwa hiyo nimemwandika, ingawa Remco Evenepoel, aliyempita Kigali kwenye mbio dhidi ya saa, amehamia timu mpya na ana njaa.

Nyuma ya karatasi ni mbio za wanawake. Liège nimeandika Kimberley Le Court wa Mauritius, mtu wa bahari yetu hiihii ya Hindi. Aliishinda mwaka jana, Mwafrika wa kwanza, kisha akavaa jezi ya njano kule Ufaransa. Tour yao mwaka huu inapanda Mont Ventoux, nami nimeandika Pauline Ferrand-Prévot ashinde tena.

Umebaki mstari mmoja. Mbio iliyokuwa ikiitwa Gent–Wevelgem, tarehe 29 Machi.

Ilikuwa 2022 Biniam Girmay alipoishinda, kijana wa Asmara wa miaka 21, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mbio kubwa ya mawe hapa. Nilikuwa zamu, televisheni ya ukumbini ikiwa wazi. Alipovuka mstari, bibi mmoja Mflemi akanishika mkono akasema, "Huyu ni wenu." Kutoka Eritrea hadi Shinyanga ni mbali, lakini sikumsahihisha. Nilitoka nje nikalia. Mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani. Mwaka jana hakushinda hata mbio moja. Mwaka huu ana timu mpya, na wazee wote wananiambia nisitupe mstari wangu kwa huruma.

Kwa hiyo huu sijaujaza. Nakupa njia, wewe nipe jina. Wanaanzia pwani, Middelkerke, ambako upepo wa baharini unawapiga ubavuni na kulikata kundi vipande vipande. Wanafika Kemmelberg, kilima cha mawe, kikali lakini kifupi. Kutoka kilele cha mwisho mpaka Wevelgem ni kilomita zaidi ya 30 za tambarare, na kwa kawaida mwishoni wanabaki wachache wanaokimbizana. Mads Pedersen wa Denmark aliishinda mwaka jana kwa kwenda peke yake. Jasper Philipsen ana kasi kuliko wote kama kundi litabaki zima. Girmay anapanda kuliko Philipsen, na ana kasi kuliko wengi wanaopanda.

Nitumie jibu kwa ujumbe wa sauti, hata kama banda lina wateja. Msalimie sana Mama Mdogo. Kopo linafungwa tarehe 27 Februari jioni.

Mwanao.