Nyumba Isiyo na Msingi

Kona ya nyumba yetu, upande wa chumba cha mama, ilianza kuzama msimu wa mvua uliopita. Kwanza mlango uligoma kufunga. Halafu ufa ukatokea juu ya mlango, mwembamba kama uzi. Mwezi uliofuata kidole changu kiliingia. Usiku paa lilikuwa linalia, na mama akahamishia mkeka wake sebuleni bila kusema kitu.

Nyumba hii imenizidi umri. Baba aliijenga mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya kambi ya Nyarugusu kufunguliwa hapa Kasulu, wao wakiwa wamevuka ziwa kutoka upande wa Fizi. Mimi nilizaliwa ndani yake. Aliijenga kwa matofali mabichi, moja kwa moja juu ya ardhi. Majirani walipomuuliza msingi uko wapi, alijibu, "Msingi wa nini? Tutarudi kabla haya matofali hayajakauka." Leo baba amelala kwenye makaburi ya hapa hapa kambini.

Nilitaka kubomoa upande ule na kuanza upya. Mama akakataa. Nikamwambia, basi tuinue paa kidogo, tutoe matofali ya chini yaliyooza, tuchimbe, tuweke mawe. Hapo ndipo alipokasirika.

"Ukichimba msingi leo, unaniambia nini, mwanangu?"

Kazi yangu ni kukaa na vijana. Naweza kuongea saa mbili nzima juu ya kupanga maisha. Swali hilo lilinifunga mdomo.

Siku mbili baadaye mvua kubwa ilinyesha, donge la udongo likaanguka pale alipokuwa anaweka kichwa zamani. Asubuhi akasema, "Fanya. Lakini ukuta wa baba yako usibomoe."

Dereva mmoja anayeleta mizigo kambini alituazima jeki kwa siku tatu. Miti hatukuwa nayo, na kukata porini ni kutafuta matatizo, kwa hiyo tulivunja kibanda cha kuku tukapata mirunda minne. Vijana wanne wa kikundi chetu wakaja kunisaidia. Tukaweka jeki chini, mti juu ya jeki, na kichwa cha mti chini ya boriti inayobeba paa. Tukaanza kupiga jeki kama watu wanaobadilisha gurudumu.

Ndani ya dakika chache jeki ilididimia kwenye tope, mti ukalala upande, na ufa wa juu ya mlango ukafunguka mara mbili. Mama alikuwa amesimama uwanjani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Mzee mmoja jirani, fundi wa siku nyingi, alikuja na fimbo yake. "Nyinyi mnainua gari," alisema. "Gari ni chuma. Hii ni udongo, inataka kubembelezwa."

Alituamuru tuweke ubao mpana chini ya jeki ili uzito usambae. Tukainua unene wa kucha tu, tukasimama, tukasikiliza. Kila tulipoinua, tulisimamisha mirunda pembeni na kugonga kabari za mti chini yake, ili paa libebwe na mirunda, siyo jeki. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia ndani. Siku ya tatu jeki ilirudi kwa mwenyewe, na paa likabaki limesimama juu ya miti ya kibanda cha kuku.

Tukatoa matofali ya chini kidogo kidogo, upana wa hatua moja kwa wakati, tukachimba mpaka udongo mgumu, tukapanga mawe. Mzee alituonyesha pia chanzo. Maji ya paa yalikuwa yanaanguka palepale kwenye mguu wa ukuta, miaka yote. Tulichimba mfereji wa kuyapeleka mbali. Bila huo, alisema, tungekuwa tumefanya kazi ya bure.

Wakati wa kupanga mawe, kijana mmoja aliniuliza, "Kaka, si tunasema kila siku tutarudi? Sasa mawe ya nini?"

Kabla sijajibu, mama alipita katikati yetu amebeba jiwe kichwani. Alilitua, akasema, "Hata wa kurudi analala usiku," akaenda kuleta lingine.

Ukuta ulipokauka tulitoa kabari moja moja. Mlango sasa unafunga. Ufa wa juu ya mlango bado upo. Mzee alibandika donge dogo la udongo katikati yake na kutuambia: likipasuka, nyumba bado inatembea. Mama amerudi chumbani kwake. Kila asubuhi analitazama lile donge kabla ya kuwasha moto. Mpaka naandika haya, halijapasuka.