Spana ya Baba

Nimeokoka tangu 1989, na ushuhuda ninaoutoa leo si ule niliouzoea.

Kazi yangu ni cherehani. Nakaa kibarazani Barabara ya Biashara, kisiwani Mombasa, pale wanapouza leso. Mteja akishanunua, mimi humkatia na kumpindia akisubiri. Wengi ni kina mama wa Mji wa Kale, Waislamu, na tumezoeana hata shida za nyumbani kwao nazijua. Wakiitana, huitana shoga. Hujambo, shoga yangu? Ni neno la mapenzi, la wanawake waliokua pamoja. Nje ya kibaraza neno hilohilo hurushiwa wanaume kama jiwe, na mimi nilikuwa miongoni mwa warushaji.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Mama alipofariki nilimlea mimi. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hajawahi kumtamani mwanamke. Nilimjibu kuwa amechagua: amechagua marafiki wabaya, amechagua watalii, amechagua pesa. Nilifunga siku tatu, kisha nikampeleka kwenye maombi ya kufunguliwa, katika kanisa ambalo sitalitaja. Walimwekea mikono tangu magharibi hadi usiku wa manane. Walikemea pepo, wakammiminia mafuta. Alianguka, akainuka, akashika kipaza sauti, akasema amefunguliwa. Nililia kwa furaha. Kwa miaka mitatu nilizunguka na ushuhuda ule katika vikundi vya maombi, nikiusimulia kama mali yangu.

Februari 2010 ulivuma uvumi kwamba mjini Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, kutakuwa na harusi ya wanaume wawili. Hapakuwa na harusi. Lakini viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa wameshapaza sauti, na umati ukakizingira kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba. Watu walikamatwa, wakapigwa. Habari ilinifikia kibarazani kwa simu ya dada mmoja wa kanisani. Nilisema, "Ashukuriwe Mungu," mguu ungali juu ya cherehani. Nikamaliza upindo mmoja, nikaanza wa pili. Ndipo nikakumbuka kwamba mdogo wangu amepanga Mtwapa.

Simu yake haikupokewa mpaka saa tano usiku. Alikuwa chumbani kwa jirani, mama mmoja Mgiriama aliyemfungia ndani, akaketi mlangoni na ungo wake wa mchele kama asiyejua kitu. Mama yule hakuwa mtu wa kanisa lolote. Mpaka leo nikiomba, namtaja yeye kwanza.

Siku chache baadaye mdogo wangu alikuja kwangu. Mungu anisamehe, nilichomuuliza ni kwa nini pepo amerudi.

"Dada," akasema, "hakuna aliyetoka, kwa hiyo hakuna aliyerudi. Hili sikulichagua. Nilichochagua ni kusema uongo pale mbele za watu, ili wewe upate usingizi."

Nilikuwa nimemfanya ndugu yangu ashuhudie uongo nyumbani mwa Mungu, nikauita uongo huo wokovu.

Baba yetu alikuwa ndugu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Kwao kutembea nuruni maana yake uliungama dhambi yako, ukaiita kwa jina lake, na ulichoiba ukakirudisha. Nikiwa mtoto nilimwona akirudisha spana kwenye karakana ya reli, spana aliyokaa nayo miaka sita. Alivaa suti ya Jumapili, siku ya Jumanne. Alisimama mara nyingi kushuhudia, lakini sikumsikia hata siku moja akiungama dhambi ya jirani. Mimi nilikuwa nimejenga jina kanisani kwa dhambi ya mtu mwingine.

Sikuja na fundisho jipya. Azimio la maaskofu wa Kianglikana kwenye Mkutano wa Lambeth wa 1998, linalotajwa sana kwetu, linasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na kwamba tendo la jinsia moja halipatani na Maandiko. Ndivyo ninavyosoma mimi pia. Lakini azimio hilohilo linaahidi kuwasikiliza wenye hali hiyo, na linasema Mungu anawapenda. Nusu hiyo sikuwahi kuisikia ikisomwa. Na nilipookoka nilikuwa na kinyongo na mama mkwe wangu, kinyongo ambacho sikukiacha mpaka tulipomzika. Hakuna aliyeniambia nikakitoe kwanza ndipo nipokelewe. Kwa nini nilimtoza mdogo wangu ushuru mlangoni ambao mimi sikutozwa?

Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa, ikikaa hapahapa Mombasa, ilisema kuwapima wanaume miili yao kwa nguvu, kutafuta ushahidi wa tendo la jinsia moja, ni kuvunja haki zao. Nilipopata habari ile niliukumbuka usiku wa mafuta. Sikupata usingizi.

Jumapili iliyofuata nilirudi kanisa lile. Nikaomba nafasi ya ushuhuda, nikapewa, maana walinikumbuka. Niliwaambia kwamba ule ushuhuda wa kufunguliwa haukuwa kweli, kwamba mimi ndiye niliyeukamua, na kwamba siku watu walipopigwa Mtwapa nilimshukuru Mungu. Wengine waliguna. Kina mama wawili walitoka. Mchungaji alianzisha wimbo kabla sijamaliza, nami nikarudi kuketi.

Jioni mdogo wangu alikuja, nikampa mahamri na chai, nikamweleza. Alinyamaza kitambo kirefu.

"Ulitaja jina langu?"

"Nilitaja langu."

Akasogeza kikombe, nikamtilia tena.