Seva Haikuwa Imejaa

Wengi wenu mnanijua nikiwa na maikrofoni mkononi. Mwaka 2011 nilikuwa pia fundi wa kompyuta katika sacco moja hapa Nakuru.

Kila malipo ya maziwa yalipoingia, wakulima kutoka Njoro, Bahati na Subukia walijaa ukumbini na mashine ikakwama. Mama mmoja wa Subukia alikaa kwenye benchi tangu saa nne hadi saa tisa akingoja pesa za karo. Mimi nikamlaumu dada wa kaunta. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mikono yake ni mizito.

Nilipoikagua seva nilikuta zaidi ya nusu ya diski iko wazi. Data yote ilikuwa salama, ila faili ya databesi ilikuwa imekatikakatika vipande maelfu. Diski ile ilikuwa sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinakimbia huku na huku kikisoma. Mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 8. Ni kidogo, mpaka uzidishe. Ni kama mkulima mwenye robo eka Molo, nyingine Rongai, nyingine Gilgil: siku yake inaishia kwa matatu.

Jumamosi usiku nilichukua bakapu, nikahakikisha inafunguka (msiruke hapo), nikazima databesi, nikaanza kudifragi. Ilimaliza alfajiri. Jumatatu foleni ilitembea, na mimi nikatoa ushuhuda kanisani!

Baada ya miezi mitatu shida ikarudi.

Ndipo nikaona kosa, na lilikuwa langu. SQL Server za miaka ile, kabla ya toleo la 2016, zilikuja zimepangwa hivi: faili ya data ikijaa, inaongezewa megabaiti 1 tu. Mimi ndiye niliyeisakinisha na sikubadilisha. Kila ilipojaa iliomba kidogo, ikapewa popote palipopatikana. Kudifragi kulikuwa kufagia nyumba huku dirisha liko wazi. Nikarudia kazi, safari hii nikaitengea nafasi kubwa mara moja, ya kutosha miaka miwili, kisha nikapanga upya indeksi, maana hata ndani ya faili mambo huvurugika.

(Vijana wenye SSD, msidifragi. Haina kichwa cha kukimbia, mnaichakaza bure.)

Nilimwomba dada wa kaunta msamaha mbele ya wafanyakazi wenzake. Haikuwa rahisi.

Jioni hiyo nilimsimulia mke wangu nikicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Baba watoto, hata sisi unatupa megabaiti moja moja. Dakika tano, halafu simu." Nilitaka kumjibu kwamba ni kazi ya Bwana, lakini hata Bwana mwenyewe nilikuwa nazungumza naye kwenye stage, nikingoja gari lijae.

Tangu hapo, Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni simu yangu iko kwenye droo ya jikoni, imezimwa. Ndugu mmoja alikasirika sana, na nilimwelewa. Alikuwa na mgonjwa. Ndiyo maana tuna mzee wa zamu.

Leo ni Alhamisi. Namba ya mzee mliipata kwenye matangazo ya Jumapili.