Tulifunga Chuma, Ufa Ukabaki

Ikiwa una kijana aliyekwisha kupata leseni, jiandae. Wangu, ambaye anasomea uhandisi, aliniletea hoja tukinywa chai. "Baba, gari letu linayumba kwenye kona kwa kuwa bodi ni laini. Tukifunga chuma cha kuunganisha mabega ya mbele, litashika barabara."

Gari lenyewe ni kuukuu, karibu rika lake. Pesa nilizokuwa nazo zilikuwa za shokabzoba mpya. Hata hivyo nilikubali. Tukaenda barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado twaiita Grogan, chuma kikafungwa chini ya boneti. Kiling'aa kweli kweli!

Jumapili iliyofuata tulishika njia ya Mai Mahiu kwenda Naivasha, mama na kitindamimba wakiwa nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona moja ya mteremko ule, magurudumu yalirukaruka, gari likateleza hadi upande wa lori lililokuwa likipanda. Dereva wa lori alitupisha kwa huruma ya Mungu. Hakuna aliyesema neno mpaka Naivasha.

Fundi wa mtaani alipoliinua kwa jeki, alikuta shokabzoba zavuja mafuta na mipira ya bushi imekwisha. "Mzee," akaniambia, "mmemfunga mgonjwa mkanda kiunoni, na magoti ndiyo yameoza."

Je, chuma kile ni bure? La. Magari mengi madogo hayana fremu kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwenye kona, nguvu za magurudumu huisukuma, nayo hujipinda kidogo. Chuma hupunguza kujipinda huko. Gari la mashindano lenye springi ngumu, au lisilo na paa, hufaidika, na dereva huhisi usukani ukijibu upesi. Lakini chuma hakiongezi meno ya tairi, wala hakizuii gurudumu kurukaruka.

Tulibadilisha shokabzoba na bushi, gari likatulia. Kijana akakifungua kile chuma ili tulijaribu bila hicho. Kwa mwendo wetu wa kilomita 80 kwa saa, hatukuona tofauti.

Simlaumu, pesa zilikuwa mkononi mwangu. Nawe, msomaji, anzia chini: tairi, shokabzoba, bushi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi nusura tujengewe kaburi.