Babu Hana Tanbihi

Ndugu msomaji, naomba usinicheke. Makala yangu ya kwanza katika Wikipedia ya Kiswahili ilianza hivi: "Alfajiri ilipochungulia, Kisiwa cha Maziwe kilikuwa kimejilaza baharini kama mjane anayengoja barua." Nikaihifadhi. Nikajiona mtu.

Mimi ni kijana wa Ushongo, wilaya ya Pangani. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo tusiyazungumze, na tangu hapo nina kaunta buku tatu za riwaya ambayo mwisho wake haujulikani. Kwenye kamusi elezo hii niliingia kwa tamaa tu. Ilianzishwa mwaka 2003, inaandikwa na watu wa kujitolea, na pale penye neno "Hariri" hakuna anayekuuliza cheti. Nikasema, hapa ndipo mtu asiye na mchapishaji atasomwa leo leo.

Kesho yake mjane wangu hayupo. Mhariri mmoja mzoefu alikuwa amefyeka aya zote nne, akabakiza sentensi moja: Maziwe ni kisiwa cha Bahari ya Hindi, mkoani Tanga. Chini yake akaongeza kwamba makala hii bado ni mbegu. Mbegu! Nilinuna siku mbili. Nikamwandikia maneno makali kwenye ukurasa wa majadiliano, naye akanijibu kwa upole ulioniudhi zaidi: eti huyo mjane katoka wapi, na hizo habari za miti nimezisoma wapi?

Sikuzisoma. Nilizisikia kwa babu. Maziwe ya leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama. Lakini babu, enzi za ujana wake, alitia nanga pale na wenzake, wakapika, wakalala chini ya mivinje, na usiku kasa wakipanda kutaga mtu anakosa pa kutandika mkeka. Miti ilikatwa, anasema babu, bahari ikaja kumalizia tu. Hiyo ndiyo stori niliyokua nayo.

"Babu, wanataka tanbihi."

"Ndiyo dudu gani hilo?"

Nikamweleza: mahali palipoandikwa, ili mtu mwingine naye aende akahakikishe. Alikuwa anashona wavu. Akanitazama.

"Kwa hiyo mimi si ushahidi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kushona.

Basi nikaanza kutafuta. Karibu wiki mbili, kila jioni, nilisimama chini ya mnazi ule unaokamata mtandao, bando likiisha nakopa. Ripoti nikazipata, Kiingereza cha kitaalamu kitupu, kila mstari na kamusi. Kumbe kisiwa kilifanywa hifadhi mwaka 1975 kwa ajili ya hao hao kasa, kwani kilikuwa mahali pao pakuu pa kutagia Tanzania. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 miti ilishakwisha. Na viota vinavyoonekana kule siku hizi huhamishiwa kwetu Ushongo, mayai yasizame. Watoto wa kasa wakikimbilia maji nimewaona tangu nikiwa mdogo. Sikujua kwamba wengine ni wakimbizi.

Nikaandika upya. Hamna alfajiri, hamna mjane, kila sentensi na tanbihi yake. Ni kazi nzito kuliko riwaya, bwana, maana huku ukimchoka mhusika huwezi kumuua. Ilipofika kwenye miti kalamu ilikwama. Wataalamu wanataja mimea kufyekwa, wanataja na mmomonyoko wa bahari. Mimi nilitaka niandike "ilikatwa", nukta. Nikaandika yote mawili, bila kumpendelea babu. Hapo paliniuma.

Safari hii haikufutwa. Yule mhariri alinisahihishia koma mbili, akaondoka.

Jioni moja nikamsomea babu barazani. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama anayesikiliza taarifa ya habari ya redio.

"Mivinje umeiweka?"

"Ipo, babu. Sentensi moja."

"Na ule mwamba wa upande wa kusi?" Akautaja jina. Akataja na mwingine tuliokuwa tukipata pweza, na mkondo uliomzamisha mdogo wake, nao una jina. Majina yote hayo sikuyaona kwenye ripoti hata moja.

Nikatia simu mfukoni, nikaingia ndani kuchukua kaunta buku.