Neno "Msaada" Lilivyotuponza



Ndugu wazazi, baadhi yenu mlioko Uvira, Bujumbura na Kigoma mmekuwa mkituuliza tunafanya kazi gani huku Marekani, kwani mmesikia kwamba mwalimu wenu wa madrasa siku hizi analala bwenini na wanafunzi wa sekondari na kuwafundisha hesabu. Habari hiyo ni kweli nusu. Hesabu hatukufundisha, tulisaidia tu. Kulala bwenini tulilala, wiki sita, kiangazi cha mwaka 2022. Tumeona tuwaandikie yaliyotokea pamoja na kosa tulilolifanya, kwa sababu wengi wenu mna watoto walio njiani kuja huku au waliokwishafika, na kosa lenyewe ni rahisi sana kulirudia.

Kazi hiyo ilikuwa katika mpango wa serikali uitwao Upward Bound. Ulianza mwaka 1965, zama za Rais Lyndon Johnson, ukiwa sehemu ya vita yake dhidi ya umaskini. Huchukua wanafunzi wa sekondari wanaotoka familia zenye kipato kidogo, au ambao baba na mama hawana shahada ya chuo kikuu, na kuwaandaa kuingia chuo. Wakati wa masomo hufundishwa baada ya saa za shule, na kiangazi, shule zinapofungwa, hupelekwa kuishi chuoni kwa wiki kadhaa, bila mzazi kulipa kitu. Vyuo vingi huendesha mpango huu. Chuo tulichofanyia kazi kipo jimbo la Kentucky, ambako wakimbizi wengi wa Kongo, Burundi na Somalia wamepewa makazi. Wanafunzi zaidi ya kumi walikuwa wakizungumza Kiswahili, na wazazi wao karibu wote hawakujua Kiingereza cha kutosha. Ndiyo sababu tukaitwa. Kwenye karatasi ya mshahara tuliandikwa msaidizi wa mwalimu, lakini kwa hakika tulikuwa mkalimani, mlezi wa bweni, na mtu wa kugonga milango asubuhi.

Na sisi wenyewe sekondari hatukuimaliza kwa wakati wake. Vita ilipoingia Uvira, Oktoba 1996, tulikuwa na umri wa miaka 17 na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yetu. Tukavuka ziwa, tukafika kambi ya Nyarugusu, na huko elimu tuliyoipata ilikuwa ya masheikh: Qur'ani, fiqhi na nahau ya Kiarabu, tumekaa chini ya turubai. Basi tulipoingia darasa la aljebra na kukaa kiti cha nyuma na daftari, mtu wa miaka 43, kuna wanafunzi waliocheka. Tukawaambia kwamba neno hilo ni la Kiarabu, al-jabr, na limetoka katika kitabu cha al-Khwarizmi aliyeishi Baghdad karne ya 9. Wakanyamaza kama dakika mbili hivi. Kisha tukaitwa ubaoni, tukasahau alama moja ya kutoa, wakaendelea kucheka.

Asubuhi ilikuwa ya hesabu na sayansi, mchana Kiingereza na uandishi, jioni kujisomea chini ya usimamizi wetu. Juu ya yote hayo ulikuwepo mtihani wa ACT, ambao alama yake ya juu ni 36. Kilichotutisha sisi ni saa, kuliko hata maswali. Hesabu wakati huo zilikuwa maswali 60 kwa dakika 60. Sehemu ya kusoma na kuelewa ilikuwa maswali 40 kwa dakika 35. Mtoto aliyezoea madrasa, anayejua kwamba aya moja huweza kumkalisha siku nzima mpaka itulie kifuani, anaambiwa swali moja lisizidi dakika, asipolijua aliache apite. Vijana wetu walikuwa wakirudi kwenye swali la tatu wakati wenzao wako la ishirini. Ilibidi tuwafundishe kuacha kitu hakijaisha, jambo ambalo hatujawahi kumfundisha mtoto yeyote.

Ibada nayo ilitaka hesabu yake. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea magharibi yasiyohama, saa 12 na dakika zake, mwaka mzima. Huku mwezi wa saba jua linazama saa 3 za usiku zimekwishapita, na isha inakaribia saa 5. Sheria ya bweni ilitaka kila mtu awe chumbani saa 4. Mkurugenzi alituruhusu kuswali isha kwenye varanda ya ghorofa ya pili kwa sharti la kutopiga kelele. Mwaka huo Idd ya kuchinja iliangukia Jumamosi tarehe 9 Julai, wazazi wakaja kuwachukua watoto wao, na Jumapili jioni bweni zima, Waislamu na wasio Waislamu, lilinuka pilau.

Tuzungumzie kidogo uandishi, kwani hapo ndipo tulipoona kazi yetu ina maana. Vyuo vya huku, pamoja na alama, humtaka mwombaji aandike insha ya kujieleza. Vyuo vingi hupokea insha isiyozidi maneno 650. Binti mmoja wa Kikongo, aliyekulia Nyarugusu na kufika huku akiwa na miaka 12, aliandika kuhusu foleni ya maji kambini. Tulipanga foleni, tulichota, tulibeba, tulisoma. Mwalimu wake, mama mwenye nia njema kabisa, alizungushia duara kila palipoandikwa "sisi" na chini akauliza: huyu sisi ni nani, na wewe uko wapi?

Binti akatujia usiku ule na karatasi yake. "Maalim, nikiandika mimi, mimi, si nitakuwa najisifu? Na maji tulibeba wote."

Hatukuwa na jibu. Huku ndiko tulikomlea. Sisi ndio huwaambia watoto kwamba mwenye kusema "mimi" sana amefanana na Ibilisi, aliyesema mimi ni bora kuliko yeye. Na kama mnavyoona, hata sisi tunaoandika haya hatujui kuandika namna nyingine. Tukakaa kimya, kisha tukamuuliza jambo jepesi tu: chombo chako kilikuwa kipi? Akacheka. Akasema kilikuwa dumu la njano la mafuta ya kula, kifuniko kilipotea, akaliziba kwa gunzi la hindi, na gunzi likishalowa linavuja, kwa hiyo bega lake la kulia lilikuwa limelowana kila siku anapofika darasani. Tukamwambia aandike hilo. Akaandika. Mwalimu wake alisoma akatuletea na sisi tusome, hakusema neno.

Sasa tuje kwenye kosa. Lilitokea jioni ya kwanza kabisa, ila tulilitambua baada ya miezi zaidi ya tisa.

Jioni ile wazazi waliitwa ukumbini. Mkurugenzi akaeleza ratiba, nasi tukatafsiri. Akafika kwenye fedha. Akasema kuna fomu ya serikali iitwayo FAFSA, mzazi ataje kipato chake na kodi aliyolipa, na kwa familia nyingi zilizokaa pale serikali na chuo vitatoa msaada mkubwa. Baba wa binti yule, mtu mzima wa kutoka Fizi, anayefanya kazi usiku katika ghala la vifurushi, akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili: "Maalim, fedha hizo ndani yake mkopo umo? Maana mimi riba siingii."

Tulipaswa kulipeleka swali lile kwa mkurugenzi neno kwa neno. Hatukulipeleka. Tulilijibu wenyewe. Tukasema: "Hapana mzee wangu, ni msaada." Akashukuru, akakaa. Binti yake akaruhusiwa kulala bwenini.

Kwetu neno msaada halina utata. Mtu akikusaidia unga hakudai unga. Lakini kwa watu wa ofisi za vyuo vya huku, neno lao la msaada wa masomo ni kapu moja lenye vitu vitatu: ruzuku isiyorudishwa, kazi ya malipo ndani ya chuo, na mkopo. Mkopo nao wanauita msaada. Sisi hatukulijua hilo, na hatukuuliza, kwa sababu tulikuwa tumekaa mbele, watu wanatuita maalim, na ni vigumu kusema sijui ukiwa umekaa mbele.

Ramadhani ya mwaka 2023, usiku mmoja baada ya tarawehe, mzee yule alitungoja penye magari. Mkononi ana karatasi. Binti amekubaliwa na chuo, na barua ya fedha imefika. Tukaisoma chini ya taa. Ruzuku ya Pell ya serikali, dola 7,395 kwa mwaka. Chini yake msaada wa jimbo. Chini yake punguzo la chuo. Kisha mikopo miwili ya serikali, jumla dola 5,500, imepangwa mstari mmoja na hayo mengine, hati ileile, rangi ileile, na chini kabisa vyote vimejumlishwa na kuandikwa jumla ya msaada wako.

"Maalim," akasema, "mbele ya watu wote wale ulisema hamna mkopo."

Tukamwambia tulikosea. Hakupandisha sauti. Alikunja karatasi akaondoka, na siku kadhaa tulizofuatana msikitini alitoa salamu na kupita.

Tulichofanya ni kusoma, jambo tulilopaswa kulifanya kabla. Tukajifunza kwamba katika mikopo ile, ule wa dola 3,500 serikali hubeba riba yake mwanafunzi akiwa bado masomoni, na ule wa 2,000 riba yake huanza siku fedha inapotoka, na kwamba kwa mwaka ule wa masomo riba ilikuja kuwa asilimia 5.5. Tukajifunza pia kwamba mzee yule hakuwa peke yake: wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa ripoti mwaka 2022 wakikadiria kuwa asilimia 91 ya vyuo haviwaonyeshi wazazi kwa usahihi kiasi halisi watakachotoa mfukoni. Kuhusu hukumu ya mkopo wa aina hii kwa mwenye dharura, wanavyuoni wamezungumza, nasi hatutoi fatwa hapa. Mzee alikwishajitolea yake.

Tukaenda naye ofisini pamoja na binti. Mama wa ofisi ile akatuonyesha jambo ambalo barua haikulisema wazi: ruzuku unaweza kuipokea na mkopo ukaukataa, mmoja mmoja, na ukikataa mkopo hupotezi ruzuku. Mzee akauliza mara tatu, na mara zote tatu tukatafsiri neno kwa neno. Kisha mama yule akapiga hesabu. Bila mkopo ada ilienea, kikabaki kidogo cha kulipa kwa mafungu. Bweni na chakula havikuenea.

Binti alikuwa kimya muda wote. Bweni alilipenda, kiangazi kile ndipo alipopata kitanda chake peke yake kwa mara ya kwanza maishani, alituambia. Akamgeukia baba yake akasema, "Baba, nitalala nyumbani. Mabasi mawili tu." Mzee akatazama chini. Fomu ya kukataa mkopo aliijaza binti mwenyewe, kwa sababu mkopo ulikuwa kwa jina lake.

Juni 2023 tukaitwa tena kazini, na jioni ya kwanza wazazi wakajaa ukumbini kama kawaida. Mzee wa Fizi alikuwepo. Hakuwa na mtoto katika mpango mwaka huo. Alikaa safu ya mbele, na sare ya kazi mwilini, kwani zamu yake ilikuwa inaanza baadaye. Mkurugenzi alipofika kwenye fedha, mzee akanyoosha mkono, akauliza kwa maneno yaleyale: "Maalim, fedha hizo ndani yake mkopo umo?"

Tukalipeleka swali kwa mkurugenzi. Tukangoja jibu. Kisha tukawageukia wazazi, tukasema: "Umo."